Darasa la Bwana Brown na haki ya kujibu

Kipande cha dakika mbili kinazunguka kwenye simu. Darasani yupo mwalimu kijana Mwingereza, Bwana Brown, nywele zimemfunika masikio, na mbele yake wameketi Mhindi mwenye kilemba, Mpakistani, Mgiriki, Mtaliano, Mhispania, Mjapani, Mfaransa, na Mchina aliyekumbatia kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao. Kila mmoja anakivunja Kiingereza kwa namna ya kwao. Watu wanacheka, wanawarushia wenzao, kisha ubishi unaanza. Mmoja anasema serikali ya Uingereza ilikipiga marufuku kipindi hicho. Mwingine anaapa kwamba wale ni wanafunzi wa kweli. Wa tatu anasema ni kazi ya ITV, akimaanisha ile ya Mikocheni, Dar es Salaam.

Wote watatu wamekosea kidogo, na kila mmoja ana pa kuanzia. Lakini nyuma ya ubishi huo kuna swali zito zaidi, linaloulizwa vijiweni Musoma na Bunda sawa na kwingineko: vichekesho hivi vya zamani vya Waingereza, vinavyomcheka mgeni kwa lafudhi na kabila lake, vinastahili kuonyeshwa leo? Jibu la haraka, liwe la ndiyo au la hapana, huruka mambo mengi: vilifikaje huku, nani alivitengeneza, na mtu anayechekwa humo alipewa nafasi gani ya kusema.

Vilivyofika vikiwa vimezeeka

Kipindi chenye darasa lile kinaitwa Mind Your Language. Kilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 30 Desemba 1977. Siku hiyo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963, na Zanzibar ilianzisha yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na nyeusi na nyeupe. Bara ilisubiri hadi 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo.

Kuchelewa huko hakukuwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mijini, ikachagua redio inayofika kijijini kwa betri mbili. Uamuzi huo ulikuwa na faida yake. Kizazi kizima cha Bara kilikua kikicheka kwa Kiswahili, na michezo kama Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania ilimfikia mvuvi wa Musoma na mkulima wa pamba wa Bunda kwa wakati mmoja, bila mmoja wao kuhitaji umeme. Hasara yake ilionekana baadaye. Televisheni ilipofika, vituo vilikuwa vichanga, fedha za kutengeneza vipindi vya nyumbani zilikuwa chache, na kanda za zamani za nje zilikuwa za bei nafuu. Kwa mtazamaji wa Bara, komedi za miaka ya 1970 ziliingia sebuleni kama vitu vipya.

Zilikuja pia bila habari zake. Mwingereza wa mwaka 1977 alijua darasa la Bwana Brown linazungumzia nini. Alikuwa ameshasikia hotuba ya mwanasiasa Enoch Powell ya 1968 dhidi ya wahamiaji, na alikuwa ameona maandamano ya chama cha National Front. Alikumbuka pia Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban 27,000 kati yao waliishia Uingereza. Yaani sehemu ya kisa hiki ilianzia kwenye Ziwa Victoria hili hili. Mfanyabiashara aliyefukuzwa Jinja alishuka kwenye baridi ya Uingereza, akawasha televisheni, akamkuta Mhindi wa kuchekesha anatikisa kichwa.

Na ile ITV? Jina tu limefanana. ITV ya Uingereza ni mtandao wa vituo vya biashara ulioanza 1955, na Mind Your Language ilitengenezwa kwa ajili yake na kampuni ya London Weekend Television. ITV ya Mikocheni ilianzishwa 1994 na kampuni ya IPP ya Reginald Mengi.

Mikono iliyoandika

Ili kuzielewa komedi hizi, ni lazima kujua zilivyoandikwa. Wamarekani walizoea kuwafungia waandishi wengi katika chumba kimoja, wabishane juu ya kila sentensi. Waingereza waliandika mmoja mmoja au wawili wawili, msimu mmoja mara nyingi ukiwa na vipindi sita au saba, kisha vikarekodiwa studio mbele ya hadhira inayocheka. Fawlty Towers ya John Cleese na Connie Booth ina vipindi 12 tu, vya 1975 na 1979, na sifa zake hazijafifia. Steptoe and Son ni kazi ya Ray Galton na Alan Simpson, vijana waliokutana hospitalini wakitibiwa kifua kikuu. Dad's Army, iliyoonyeshwa kati ya 1968 na 1977, waliiandika Jimmy Perry na David Croft.

Mfumo huo ulizaa kazi zenye sauti ya mtu, si ya kamati, na ndiyo sababu bado zinatazamika. Ubaya wake ni kwamba sikio la mwandishi mmoja lilikuwa sikio la kipindi kizima. Asichokisikia yeye, hakuna wa kumwambia. Na karibu waandishi wote hao walikuwa wazungu.

Vince Powell wa Manchester ni mfano mzuri. Pamoja na mwenzake Harry Driver, aliyepooza kwa polio na bado akaendelea kuandika, alitunga Love Thy Neighbour ya 1972 hadi 1976: mzungu mbaguzi anapata jirani mweusi, na kila wiki wanatukanana. Driver alifariki 1973. Miaka minne baadaye Powell, sasa peke yake, akaandika Mind Your Language. Alikuwa fundi wa utani wa papo kwa papo, mtu wa kufyatua maneno yanayogongana na kueleweka visivyo. Hakuwa mtu wa chuki. Lakini dunia yake ya wageni aliichora kutokea nje, kwa kile ambacho kila Mwingereza alishajua au alidhani anajua.

Waigizaji ndio waliokuwa wageni kweli, ila si wale walioigizwa. Kalasinga Ranjeet Singh aliigizwa na Albert Moses, mzaliwa wa Sri Lanka. Mgiriki alikuwa Kevork Malikyan, Mwarmenia aliyezaliwa Uturuki. Mchina aliigizwa na Pik-Sen Lim wa Malaysia, na Mhispania aliigizwa na Ricardo Montez wa Gibraltar. Mfaransa Danielle hakuwa wa Paris. Françoise Pascal alizaliwa Mauritius, kisiwa jirani kwenye bahari yetu. Aliyedai kwamba wale ni wanafunzi halisi amekosea, lakini ni kweli kwamba wote hao walikuwa watu wa mbali waliokuwa wakitafuta riziki katika nchi isiyokuwa na kazi nyingi kwa sura zao.

Mwafrika hakuwamo katika darasa lile la kwanza. Huenda ndiyo sababu Waafrika wengi walilicheka bila kuumia.

Wanaotaka vizuiwe

Hoja yao ya kwanza ina shahidi wa ndani. Mind Your Language haikupigwa marufuku na serikali. Iliondolewa hewani 1979 na Michael Grade, mkuu wa vipindi wa kampuni iliyoitengeneza, ingawa ilikuwa na watazamaji wengi. Aliona inawageuza watu wa mataifa mengine vikaragosi. Miaka kumi kabla ya hapo mamlaka ya televisheni za biashara ilikuwa imesimamisha Curry and Chips baada ya vipindi sita. Humo Spike Milligan, mzungu, alijipaka rangi ya kahawia akaigiza mtu mwenye asili ya Pakistani. Kwa hiyo hoja kwamba enzi zile hakuna aliyeona tatizo si ya kweli. Walioona walikuwapo, na wengine walikuwa na madaraka.

Hoja ya pili inahusu anayelipa gharama ya kicheko. Tusi la kwenye televisheni usiku wa Ijumaa lilikuwa silaha ya uwanja wa shule asubuhi ya Jumatatu. Wahindi na Wakaribi waliokulia Uingereza miaka hiyo wamelisimulia jambo hilo tena na tena. It Ain't Half Hot Mum ya BBC, ya 1974 hadi 1981, ilimtumia mzungu Michael Bates, aliyepakwa rangi, kuigiza mhudumu wa Kihindi. Kumbe katika kipindi hicho hicho alikuwamo Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka, ambaye angeweza kuibeba nafasi hiyo. Alipewa nafasi ya muuza chai.

Udhaifu wa upande huu upo kwenye dawa wanayoipendekeza. Mwezi Juni 2020 mtandao mmoja wa Uingereza uliondoa kipindi kimoja cha Fawlty Towers kwa sababu ya maneno ya mzee mmoja mbaguzi anayeishi katika hoteli ya kisa hicho, kisha ukakirudisha baada ya siku chache kikiwa na onyo. Kilichosahaulika katika pilikapilika hizo ni kwamba yule mzee na mwenye hoteli ndio waliochekwa. Kuzuia kwa kuhesabu matusi hakutofautishi kipindi kinachomcheka mbaguzi na kile kinachomsaidia. Tena, BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi hadi miaka ya 1970 ili kubana matumizi, na vipindi vitatu vya Dad's Army havijapatikana hadi leo. Kilichofutika hakiwezi kuchunguzwa, hata na adui yake.

Wanaovitetea

Watetezi husema ulikuwa mzaha tu, na kwamba kila taifa lilichekwa, Waingereza wakiwemo. Hilo la pili lina uzito. Bwana Brown hana raha: mkuu wake, Bi Courtney, anamdharau, wanafunzi wanamzungusha, na Kiingereza chenyewe kinaonekana lugha ya mitego. Mtazamaji wa Mara, anayejua kwamba mtoto wake alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akatumbukizwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza, anaweza kabisa kuwa upande wa wanafunzi. Huko India walikitengeneza upya kwa Kihindi miaka ya 1990, kwa jina la Zabaan Sambhalke. Mtu aliyedharauliwa hafanyi kazi hiyo bila kuona kitu cha kwake ndani yake.

Lakini hoja ya "kila mtu alichekwa" huanguka inapogusa uzani. Mwingereza alichekwa kama mtu: mwoga, mbahili, mlevi. Mgeni alichekwa kama kabila zima. Na mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza pia kutoka hapo na somo jingine kabisa, kwamba kukosea lugha ya mtu ni aibu. Anayefikiria kukitumia kipindi hiki kufundishia Kiingereza ajiulize kwanza watoto wake watacheka pamoja na nani.

Kuna pia utetezi wenye akili zaidi, na huo hauhusu Vince Powell. Johnny Speight aliandika Till Death Us Do Part kwa BBC kuanzia 1965 akitaka kumwanika mbaguzi aitwaye Alf Garnett. Aliyeigiza ni Warren Mitchell, Myahudi mwenye siasa za kisoshalisti, akitukana kila wiki watu wa aina yake mwenyewe. Nia ilikuwa safi. Matokeo yalichanganyika, maana watazamaji wengi walimpenda Alf kwa sababu alisema waliyokuwa wakiyawaza. Nia ya mwandishi, basi, haitoshi kuwa kipimo.

Rising Damp ya Eric Chappell, iliyoonyeshwa 1974 hadi 1978, ilipata njia bora. Mwenye nyumba, Rigsby, ni mzungu mnafiki na mwoga. Mpangaji wake Philip, aliyeigizwa na Don Warrington, mzaliwa wa Trinidad, anadai ni mtoto wa chifu wa Kiafrika. Kila ujinga ambao Rigsby anauamini kuhusu Afrika, Philip anauthibitisha kwa uso mkavu, na Rigsby anameza. Katika filamu ya 1980 inabainika kwamba Philip hajatoka kwa chifu yeyote. Ni mtu wa Croydon, kusini mwa London. Kicheko chote kinamwangukia aliyeamini.

Komedi ya Kiingereza iliyopita Butiama

Ubishi huu ni mkongwe kuliko televisheni, na Mara ina mkono ndani yake. Mwaka 1969 ilichapishwa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Nyerere ya The Merchant of Venice ya Shakespeare. Mchezo huo huhesabiwa miongoni mwa komedi, na una kila kitu kinachobishaniwa katika Mind Your Language. Mapema tu, Portia anawapanga wachumba wake na kuwacheka taifa kwa taifa: huyu Mfaransa, huyu Mskoti, huyu Mjerumani mlevi, na huyu Mwingereza ambaye hajui Kilatini, Kifaransa wala Kiitalia. Baadaye anakuja mwana wa mfalme wa Moroko, akianza kwa kuomba asichukiwe kwa sababu ya rangi yake. Na juu ya wote yupo Shailoki, Myahudi anayetemewa mate.

Nyerere hakuukwepa mchezo huo kwa sababu una ubaguzi. Aliutafsiri wote, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akauelekeza kwenye ubishi ambao nchi ilikuwa nao wakati huo, wa mali na riba. Msomaji aliupata mzima, pamoja na hotuba ambayo Shailoki anawauliza wanaomtesa kama yeye hana macho na mikono kama wao. Bila hotuba ile, mchezo ungekuwa dhihaka tupu. Pamoja nayo, hadhira inalazimika kumsikia anayechekwa.

Hicho ndicho kipimo ambacho uchambuzi huu unakitanguliza: je, anayechekwa anajibu, na jibu lake lina nguvu? Utani wa makabila unakwenda hivyo pia. Mpare humcheka Mchaga akijua kwamba zamu ya Mchaga inakuja, tena msibani mbele za watu. Anayetania bila kukubali kutaniwa si mtani.

Watu wa Mara wana sababu ya ziada ya kukiheshimu kipimo hiki. Katika vichekesho vya Kiswahili, Mkurya ni mlinzi, ni askari, ni mtu wa panga na hasira za karibu; lafudhi yake huigizwa na watu ambao hawajawahi kuvuka Bunda. Waikizu, Wazanaki, Wajita na Wangoreme wakifika Dar es Salaam hujikuta wote wamegeuzwa Wakurya. Hilo halina tofauti kubwa na Mwarmenia kuitwa Mgiriki. Upande wa pili wa mpaka kuna mfano unaochanganya zaidi: Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, kipenzi cha Wakenya kwa miaka mingi, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyejipatia jina kwa lafudhi ya Kijaluo. Alipendwa hata na Wajaluo. Ojwang alikuwa mzee mwenye hadhi yake, mjanja, mwenye mke anayemjibu neno kwa neno, na lafudhi ilikuwa sehemu tu ya mtu mzima.

Kupima

Kwa kipimo hicho, vichekesho hivi havikai katika kapu moja. Curry and Chips inashindwa kabisa. It Ain't Half Hot Mum inashindwa kwa sehemu, kwa sababu nafasi kubwa ya Mhindi haikupewa Mhindi. Love Thy Neighbour ni kazi ngumu kuhukumu: Bill, jirani mweusi aliyeigizwa na Rudolph Walker, karibu kila mara hushinda, lakini matusi ni mengi kiasi kwamba ushindi wake unamezwa. Mind Your Language ipo katikati, ikiokolewa na waigizaji wenye mvuto waliompa Powell zaidi ya alichoandika. Till Death ina jibu, ila huwa linazidiwa sauti. Rising Damp inapita bila wasiwasi, na Desmond's ya Trix Worrell, iliyoanza Channel 4 mwaka 1989, inapita kwa heshima: kinyozi mweusi wa Peckham, wateja wake, na mwanafunzi wa milele kutoka Gambia, wote wakitaniana na kujibizana katika chumba walichokiandika watu wao.

Tatizo kubwa la leo, kwa maoni ya uchambuzi huu, si kipindi. Ni kile kipande cha dakika mbili. Anayekikata huchukua dhihaka na kuliacha jibu, kwa kuwa dhihaka ni fupi na jibu huchukua muda kujengeka. Kipindi kizima cha Rising Damp humcheka mbaguzi. Sekunde 40 zake zinaweza kumfanya mbaguzi kuwa shujaa. Na kipande hakina mwaka, mwandishi wala mwigizaji, ndiyo maana watu wazima wanabishana kama ni cha Mikocheni.

Kituo kinachotaka kurusha komedi hizi kizinunue kihalali, kizionyeshe nzima, kitaje mwaka na waliozitunga, na kiziweke saa ambazo mzazi yupo sebuleni. Curry and Chips na za aina yake zibaki kwa watafiti. Na waandishi wa vichekesho wa hapa, kabla ya kumvalisha tena mwigizaji koti la mlinzi na kumpa lafudhi ya Kikurya, wamweke Mkurya mmoja mezani wanapoandika.